Tairi za Anas

Mama Anas,

Nimekwenda Ghubra kununua samaki, usiteleke wali mpaka nirudi. Najua umeninunia tangu chai ya asubuhi, ndo maana naandika.

Anas akipiga, msomee haya, maana simu yangu hapokei. Nimemuuliza kaka yako Msellem, aliyesoma Urusi. Mimi mwenyewe sikuyajua. Theluji si mchanga. Tairi za trekta azijaze upepo, minyororo inayozivika zisiteleze ikaze. Uzito autie nyuma, lakini usizidi: magurudumu ya mbele yakiwa mepesi hayafuati usukani. Kwenye barafu asikanyage breki ghafla.

Nilicheka, kweli. Mtu kapata kazi shamba la Norwe, katoa upepo kama tufanyavyo sisi jangwani tairi zisizame, minyororo ikalegea, trekta likaingia kwenye uzio! Nikamwita mjinga, akakata simu.

Ulipoondoka mezani nikaukumbuka mchanga wa Bausher. Anas wa miaka saba kachutama kando ya tairi, upepo unatoka, anahesabu kwa sauti mpaka ishirini, kama nilivyomfundisha. Hajasahau.

~~Mwambie nimemsamehe.~~

Mwambie anisamehe.

Baba Anas