Kama Si Sindano

Kwako Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia. Mimi mwili ni mzima. Ya moyo utayasoma.

Uliniuliza kwenye simu mbona Mama tulimzika upesi bila kukungoja, nikababaika. Baba alikuwa amekaa karibu. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na maji, maana bila maji utamhukumu Baba vibaya. Ulipoondoka, mabomba yetu yalianza kutoa maji yenye harufu. Ofisi ya maji ikasema ni kutu tu, tunywe bila hofu. Mtoto wa jirani yetu muuza mkaa akaharisha, akafa. Baba unamjua: mtu akimletea kitambaa akamwambia ni pamba, huchoma uzi kwanza. Alipita na chupa nyumba kwa nyumba, akakuta walio juu ya mtaro uliochimbwa na wajenzi wa barabara maji yao ni safi, walio chini yake yananuka. Ofisini wakamwita mchochezi, wakamweka ndani hadi jioni. Akawaambia wachimbe pale mtaroni. Wakikuta mabomba mazima atanyamaza, na atamshonea mkurugenzi suti bure. Watu wakapiga kelele mpaka wakachimba. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka juu ya lile la maji safi. Hakuna aliyeomba radhi. Mtaa ukamwita Mzee Ushahidi, naye alijifanya kuchukia, lakini ukimwita hivyo aliitika upesi.

Laiti ingeishia hapo.

Mvua za mwaka huu zilileta kipindupindu. Wauguzi wakapiga mahema kwenye uwanja wa shule. Mara ukaenea ujumbe kwenye simu, usio na mwenyewe, kwamba anayeingia hemani hudungwa sindano ya kummaliza, ili nyumba zetu zibomolewe barabara ipanuliwe. Baba akauamini. Nikamwuliza ushahidi uko wapi. Akasema walidanganya juu ya maji, watashindwaje kudanganya juu ya dawa? Na kweli walidanganya.

Lakini mke wa muuza mkaa alitoka hemani mzima, akitembea mwenyewe. Baba akasema wachache huachiwa ili tupumbazike. Kinyozi wa mtaani kwetu alipofia humo, Baba akasema, mnaona? Muuguzi mmoja alikunywa dawa ile ile mbele yetu; Baba akasema amelipwa. Hapo nikamwambia: Baba, watu wa maji uliwaambia utanyamaza wakikuta mabomba mazima. Hawa wauguzi wafanye nini ndipo unyamaze? Akanitazama kama niliyemtukana, akasema nami nimeshanunuliwa. Siku ile nilikula peke yangu jikoni.

Mama aliugua asubuhi, mimi niko kiwandani kwenye mikate. Aliyenieleza ni muuza mkaa, aliyesikia yote dirishani. Mama alisema, "Baba watoto, nipeleke kwa wale mabinti wa hemani." Baba akamjibu, "Nisipokulinda mimi, nani atakulinda?" Muuguzi alipopiga hodi, Baba alitia komeo. Alimnywesha Mama maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, akimfuta, akimbadilishia shuka, huku analia. Usidhani alimtupa. Sijawahi kusikia mgonjwa aliyeuguzwa kwa mapenzi kama yale.

Niliporudi, macho ya Mama yalikuwa yamezama. Nilisukumana na Baba mlangoni, tukamkimbiza Mama kwa mkokoteni wa muuza mkaa. Wauguzi wakatafuta mshipa mkono huu na huu mpaka wakaupata. Dripu ndiyo kwanza inaanza kushuka, akakata roho. Maiti wa kipindupindu halazwi, tukamzika siku ile ile.

Basi si moyo, Kaka, kama Baba alivyokwambia. Ni kipindupindu, na ni mlango.

Na ugonjwa ulitoka wapi? Bomba lile lilipofukuliwa juzi, tuliona kwa macho yetu kwamba halikubadilishwa. Lilifungwa mpira tu, na mvua zikaufungua. Nilikwenda ofisi ya maji kuuliza ni nani aliyeamua hivyo. Afisa akaniuliza kama mimi ndiye binti wa yule mzee wa sindano. Chumba kizima kikacheka. Nimerudi bila jibu, ila nitakwenda tena, na muuza mkaa amesema tutakwenda wote.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Wewe Baba alikwambia moyo, lakini kila mteja humwambia kwamba Mama aliuawa na sindano ile ya dripu. Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia haikuwa sindano. Akasimamisha cherehani. Nilitegemea anifokee. Akaniuliza polepole, "Kama si sindano, mwanangu, ni nini?" Na macho yake, Kaka, yalikuwa yananiomba nisijibu.

Sikujibu. Anajua. Nadhani alijua tangu tukiwa bado tunasukuma mkokoteni.

Ukija, usibishane naye, wala usimwitikie. Kaa naye tu, mimi peke yangu nimechoka.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini kila siku huuliza kama umepata koti zito, na ameanza kukukatia moja kwa kukisia vipimo.

Ni mimi mdogo wako.