Viti Vinne vya Helikopta

Tasiilaq, Aprili

Mdogo wangu Bolethe,

Huku sote wazima, ila mama anakohoa kidogo. Nyama yako ya sili inakauka vizuri.

Mchumba wako Kasper alifika na wapanda milima wenzake watatu. Walitandaza ramani mezani kwangu, wakapanga kambi, kamba na chakula. Kaka yetu Ujuut, ambaye angewavusha barafu kwa sleji inayovutwa na mbwa wake, akauliza, "Na mtu akiumia huko?"

"Helikopta itakuja kutuchukua," Kasper akajibu. "Tumeagiza viti vinne."

"Na mimi je?"

"Wewe shemeji umezaliwa humu humu. Utajikokota tu mpaka nyumbani."

Wakacheka wote. Kasper akaendelea kula samaki wangu, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

Asubuhi Ujuut aliwafunga mbwa wake kwenye sleji akaenda zake kuwinda, akawaachia mizigo yao ufukweni.

Kasper atakupigia simu kulalamika. Msikilize mpaka amalize, halafu umuulize alisema nini mezani kwangu. Vile viatu vya ngozi vya harusi yako nimeacha kuvishona. Ukiwa bado unamtaka, tafuta mshonaji mwingine.

Dada yako,
Tukummeq