Shati la Kufia Alilonishonea Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na lile koo lililokusumbua redioni limepona. Mimi huku Khao Yoi namshukuru Buddha naamka salama, na kila asubuhi nawahi kuwapa watawa wali.

Naomba msaada, maana jambo hili hapa nyumbani silisemi. Mimi ni Mphuan niliyeolewa na mwanamume wa kabila la Wasong, na siku ya harusi mizimu ya nyumba yao iliarifiwa kwamba sasa mimi ni wa kwao, nikajifunza kupika mchuzi wao mchachu wa machipukizi ya mianzi mpaka wenyewe wakausifu, watoto wetu wanaongea Kithai tu kama wa mjini, na yote hayo sikuyaona tatizo mpaka juzi mama mkwe wangu, Mama Phian, ambaye macho yake yamechoka, aliponishonea lile shati refu jeusi la Wasong, ambalo ukiwa hai unalivaa upande wa mapambo machache, na ukifa wanakugeuzia upande wa hariri nyingi ili wazee wao wakutambue huko juu.

Aliniwekea mapajani akasema, "Mwanangu, nataka nikuone nalo siku ya kuwalisha wahenga, kabla sijaondoka."

Nikaligeuza upande wa kufia, kazi nzuri ajabu, ila chini kwenye pindo pameachwa peusi tupu. Nikamwuliza, "Mama, hapa umepasahau?" Akacheka, "Hapo si kazi yangu." Nikajua ni macho tu, nikanyamaza.

Dada yangu Bunruean aliposikia alinijia juu. "Kwa hiyo ukifa unakwenda kwa wakwe, mama yetu akungoje mpaka achoke? Mchuzi wao umekunogea hivyo?"

Nikamwambia, "Dada, wajukuu zako wenyewe hawajui neno moja la Kiphuan."

"Angalau mimi nitakufa Mphuan. Ukilivaa, usije hekaluni siku ya kumwombea mama."

Mume wangu anasema ni nguo tu. Lakini nikilivaa nampoteza dada, nisipolivaa namvunja moyo mama wa watu uzeeni, na mimi mwenyewe, mshauri, naogopa kufa nisijulikane ni wa nani. Sherehe ni mwezi ujao. Tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi,
Somphit

Dada Somphit,

Koo limepona, asante kwa kuniulizia. Pole sana. Wanawake wawili wanakugombania, na wote wawili wanakupenda, ndiyo maana inauma.

Ila nikugombeze kidogo. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita, ukasingizia macho ya bibi wa watu. Aliyeweza kuunganisha vipande vidogo vya hariri hasahau pindo zima. Mimi naona amekuachia wewe, kwa sababu anajua ulizaliwa na mama mwingine. Naweza kukosea, basi kamwulize, mkiwa wawili tu, na safari hii usinyamaze.

Dada yako naye, hasira yake si ya shati. Hana tena wa kuongea naye Kiphuan isipokuwa wewe, na wewe ukamchoma palepale kwa habari ya wajukuu. Hilo ulikosa. Nenda ukamwombe radhi, na umwombe kwa Kiphuan, hata kama ulimi umekuwa mzito.

Ukishatulia naye, mwulize sketi ya marehemu mama yenu iko wapi. Hajaitupa, najua. Mwombe kipande cha pindo lake, ambalo Mphuan hulitambua popote. Akikataa, kula naye, osha vyombo, urudi siku nyingine. Akikubali, usikichukue ukashone mwenyewe. Mpeleke dada yako kwa Mama Phian, umpe sindano, dada ndiye akishone pale palipoachwa.

Siku ya wahenga livae bila aibu, upande wa walio hai, umpe mama mkwe furaha yake. Kumwombea mama yako nenda vilevile, hekalu si la Bunruean.

Na siku yako ikifika, wazee wa Kisong watalitambua shati. Mama yako atatazama pindo.