Kurasa Kumi na Moja za Mama

4 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Hujambo huko? Baridi imepungua? Mimi mzima, ila goti la kushoto na hiyo programu yako wameungana kunimaliza.

Nasema yako, ingawa ulishanieleza kwamba si yako wala si ya mtu, ni huria, yeyote anaichukua na kuifungua aone ilivyo ndani. Sawa. Lakini Jumamosi ulinikalisha saa nne nzima mbele ya kompyuta ya studio, simu begani, nikiandika mistari ambayo hukutaka nikosee hata nukta. "Mkwaju, Mama, kile kistari cha mshazari. Sio huo, ule mwingine." Nimerusha vipindi vya stesheni hii ya televisheni kwa mkono miaka ishirini na miwili, nikitoa kanda nikitia kanda, baadaye diski, baadaye mafaili, halafu mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananifokea kuhusu mkwaju.

Basi imekubali. Asubuhi naandika orodha ya siku nzima, kila kipindi na saa yake, nayo inarusha kimoja baada ya kingine mpaka tunafunga. Orodha ikipungua dakika tano, inachota yenyewe kwenye folda ya vipande vya kujazia. Jana nilikula chakula cha jioni nyumbani, nimekaa kwenye kiti, kikiwa bado cha moto. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Uliniuliza napangaje. Siku hizi unauliza kama karani wa sensa. Matangazo ya vifo ni saa moja jioni, kabla ya taarifa ya habari, na hayasogezwi hata Bosi akitaka. Baada yake usilete vichekesho. Weka picha ya maji, dakika mbili, watu wapumue. Hotuba usiweke mchana, watu wanazima na hawarudi. Na kila faili ulitazame mwenyewe mwanzo na mwisho kabla halijaenda hewani. Mengine nitakwambia ukipiga.

Mama yako


9 Februari

Shikamoo Mama,

Goti linasemaje? Lipake ile dawa, usiiweke kabatini kama pambo. Mimi sijambo, kazi tu.

Samahani kwa kukufokea. Na wewe ulinifokea; ulisema nina kiburi cha baba, na hilo lilisikika mpaka kwa wenzangu ofisini.

Endelea kunieleza, yote nayaandika. Mtu akikusikiliza dakika kumi tu anajua kwamba kazi yako si kubonyeza vitufe. Bosi naye ameniandikia kushukuru, ameniomba na jambo dogo. Nitakueleza siku nyingine.

Jumapili nenda ukamwone shangazi. Mashine haitakukimbia.

Mwanao


20 Machi

Hujambo. Nakusalimu kwa sababu nilifundishwa adabu, si kwa sababu ninataka.

Jana Bosi aliniita ofisini. Amekaa na shemeji yake, mtu mzima na kitambi chake, ambaye mwezi uliopita alikuwa anauza vigae. Akaniambia mashine sasa inajiendesha, shemeji ataiangalia, mimi nikapumzike. Ufunguo wa studio niuache mezani. Miaka ishirini na miwili, na aliyasema hayo huku anatafuta kalamu yake.

Nikamwambia, huyu hajui hata vifo vinasomwa saa ngapi. Shemeji akanyanyua makaratasi. "Yote yamo humu, mama. Ukurasa wa tatu."

Nikayachukua. Kurasa kumi na moja. Picha ya maji, dakika mbili, watu wapumue. Hotuba usiweke mchana. Maneno yangu yale yale, hukubadilisha hata moja, na mwishoni jina lako, wewe ndiye mwandishi.

Kumbe zile simu za kila siku, Mama nieleze hili, Mama nieleze lile, ulikuwa unanikamua. Mimi nilidhani mtoto amenikumbuka. Nikawa najisifu kwa jirani, wangu hapitishi siku bila kupiga. Kikulacho ki nguoni mwako. Maisha yangu yote nimewaambia watu wengine methali hiyo.

Usinipigie. Kama una la kusema, andika.

Aliyekuzaa


22 Machi

Shikamoo Mama. Najua huitikii.

Bosi aliniomba mwongozo tangu Februari. Alisema ni kwa ajili ya siku utakapougua, apate mtu wa kukushikia siku mbili tatu. Nikaamini. Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba maarifa yote haya ni ya mama yangu, na jina lako kamili nikaliweka juu. Kama ukurasa huo hukuuona, ameuchomoa yeye. Nilitaka wajue unachofanya, maana miaka yote hiyo wamekuona kama sehemu ya fanicha.

Nilipaswa kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa. Hilo ni kosa langu na silikwepi.

Lakini hasira zote unanimwagia mimi, na yule je? Tangu juzi sijala vizuri. Mtu anachukua kitu nilichompa mama yangu apumzike, anamfukuzia nacho! Ila amesahau jambo moja: ile mashine naweza kuiingia nikiwa huku huku. Nikiamua, stesheni yake haipo hewani.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, hata goti limenyamaza.

Tangu jana alasiri skrini ni nyeusi. Shemeji yuko nje ya studio anampigia simu kila mtu anayemfahamu, nadhani hata wateja wa vigae.

Sikuulizi chochote. Sikukutuma, na sikukatazi. Jana nilikula mara mbili.

Mama


3 Aprili

Hujambo. Mimi si mzima.

Unamkumbuka fundi viatu wa kona ya studio. Hana simu. Dada yake alikuwa anaumwa huko kwao, safari ya siku nzima kwa basi, kwa hiyo kila jioni saa moja fundi anaacha sindano na kutazama televisheni ya duka la vyombo lililo mbele yake. Dada alifariki tarehe ishirini na nane asubuhi. Watoto wa marehemu walituma tangazo studio kwa simu mchana ule ule, wakijua mjomba ataliona.

Jioni ile skrini nyeusi. Ya pili nyeusi, ya tatu nyeusi, na fundi amekaa anaitazama. Dada alizikwa tarehe thelathini. Fundi alijua juzi, mteja alipompa pole huku anamkabidhi kiatu.

Niliposikia, nikaenda studio saa ile ile. Bosi alinifungulia mlango. Nilichomoa kwanza waya wa intaneti, maana nakujua, kisha nikafuata ukurasa wa tisa wa ule mwongozo wako, wa kuwasha mashine upya, mstari kwa mstari, mikwaju yote. Ikarudi hewani. Bosi kaniomba nibaki, nimebaki, si kwa ajili yake. Shemeji amerudi kwenye vigae. Na wewe nimekufuta, huingii tena kwenye mashine hii.

Usidhani nakukasirikia peke yako. Mimi nilijua nani amezima, nikakaa kimya, nikala.

Jana fundi alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Aliuliza tu, "Aliyezima ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akavaa kofia yake, akaondoka. Leo nimepita kwenye kona yake nikamsalimu mara mbili. Hakuitika.

Mama yako


7 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua iliyo hapa chini ni ya fundi. Ichape, umpe mkononi. Usipunguze kitu.

Kwa Fundi,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba wa dada yako. Mimi ni binti wa yule mama wa vipindi.

Mama amekuambia ni yeye aliyezima. Si kweli. Nilizima mimi, nikiwa huku mbali, kwa hasira niliyokuwa nayo kwa bosi wake.

Kuna jambo ambalo hata mama hakulijua mpaka aliposoma barua hii kabla yako. Kabla sijazima nilifungua orodha ya siku ile. Tangazo la dada yako lilikuwa la kwanza. Nilisoma jina lake, nikasoma na lako, kwamba habari zikufikie popote ulipo. Nilikujua. Nikajiambia watakurushia kesho, na nikabonyeza.

Siwezi kukuomba unisamehe. Naomba hili tu: mama akipita hapo kwenye kona, mwitikie salamu. Mimi siku nikija, usiniitikie.

Binti yake