Mbao za Baba Umezipeleka Chooni

Muscat, Oman

Mdogo wangu Fabiano,

Nakusalimu, kwa sababu mama alitufundisha kwamba mtu husalimiwa kwanza hata kama umemjia na fimbo. Hujambo? Wifi yangu Agripina hajambo, na watoto? Yule ndama aliyekuwa anaharisha amepona? Na mvua huko imekatika au bado? Habari ya mvua nauliza kwa makusudi, utaona mbele. Mimi mwili wangu ni mzima. Roho siyo, na aliyeiharibu ni wewe.

Barua hii nimempa Zuhura, dada wa Singida ninayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo. Ataiacha Makuyuni kwa dereva wa Karatu ninayemfahamu, naye atakukabidhi mkononi. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu ukiiona unaikata, na ujumbe wangu unausoma halafu unanijibu kwa kale kapicha ka kidole gumba. Karatasi haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua tangu unanyonya, utaisoma kwanza.

Habari za huku ni kazi tu. Bado niko dobi ya hoteli, upande wa pasi. Miezi hii joto ni la kuua. Nje ni tanuri, na ukiingia ndani unakutana na mvuke wa mashine. Mkono wa kulia niliungua, sasa kidonda kimekauka, kimebaki na alama kama ya ng'ombe aliyepigwa chapa. Msimamizi wetu si mtu mbaya ila hajui neno pole, nadhani kwao halipo. Ijumaa tukipata nafasi mimi na Zuhura tunasonga ugali, tunakaa chini tunaula na dagaa wa pakiti, tunasema habari za nyumbani mpaka mmoja wetu alie.

Tulikuwa kwenye huo ugali siku Zuhura aliponiletea simu yake. Alikuwa anaangalia mambo ya utalii wa kwetu, akanionyesha picha. Imeandikwa, karibuni boma halisi la Kimasai, Karatu, mle chakula na familia ya Kimasai. Bibi mmoja amekaa kwenye kigoda, amevikwa shuka jekundu, shanga zimempanda mpaka masikioni. Nyuma yake ukuta wa udongo umechorwa mistari myeupe na myekundu. Zuhura akaniuliza, "Basilisa, huyu siyo mama yako tunayeongea naye kwenye simu?"

Nikamwambia hapana. Nikaitazama tena ile picha, nikaona miguuni zile yeboyebo za kijani nilizompelekea mimi mwenyewe. Fabiano, umenifanya nimkane mama yangu mbele ya mtu wa Singida.

Sisi ni Wairaqw. Baba yetu Mwiraqw wa Mbulu, mama yetu Mwiraqw, na wewe, hata ukijifunga mashuka yote ya mnadani, utakufa Mwiraqw. Ile siku moja uliyopokea simu nilikuuliza, na maneno yako nimeyashika yote. Ulisema, "Dada, wazungu hawawajui Wairaqw. Ukiwaambia Mwiraqw wanauliza hiyo ni kitu gani. Ukiwaambia Masai, wanashuka kwenye gari wenyewe. Hii ni biznesi, usinibanie." Hivi ni lini uliwaambia habari zetu wakakataa kusikia? Ulijaribu mara ngapi? Gari linatoka kreta kuangalia wanyama, limejaa watu wenye hamu ya kujua kila kitu, wanauliza mpaka jina la jani, na wewe unaona aibu kuwaambia jina la kabila lako.

Usinigeuzie maneno ukasema Basilisa hataki maendeleo. Nyumba ilihitaji kutengenezwa, nani asiyejua? Mbao za chini upande wa mvua zilianza kulika, madirisha hayafungi, maji ya bati yanadondokea ukutani. Tulikubaliana Pasaka kwenye simu, mama akisikia, na akasema sawa. Mbao za chini zilizooza zing'olewe tuweke mpya, msingi upigwe zege, gata ya kukinga maji ya bati ifungwe, madirisha yabadilishwe, mlango upakwe rangi. Hayo ndiyo tuliyosema. Nani alisema udongo?

Najua kilichokuwa kinakuwasha. Tangu uko sekondari ulikuwa unaionea haya nyumba yetu nyeusi. Wenzako waliiita gereji, na wewe ukanuna. Ilikuwa nyeusi kwa sababu kila mwaka kabla ya Krismasi baba alikuwa anatafuta oili chafu kwa mafundi wa magari, tunazipaka mbao zote, mchwa wasiguse. Mimi nilipaka, wewe ulipaka, mama alipaka akiwa na mimba yako. Sikukuu nzima tunanuka trekta. Zile mbao ni za mtarakwa, baba alizipata baada ya kufanya kibarua kwenye shamba la kahawa mpaka mgongo ukapinda, na alizipigilia yeye mwenyewe ili mama atoke kwenye nyumba ya udongo. Sikiliza vizuri hapo. Baba alimtoa mama kwenye nyumba ya udongo. Wewe umemrudisha.

Na hata huo ujinga wenyewe umeshindwa kuufanya kwa akili. Nilipohadithiwa nilicheka kwa hasira, kicheko kibaya, mpaka msimamizi akaja kuangalia. Eti ulianza kwa kukandika udongo juu ya mbao! Juu ya mbao zilizokunywa oili tangu sisi hatujazaliwa! Mtu wa kutoka Dar ningemsamehe. Lakini wewe uliyeshika brashi kila mwaka, uliyelia oili ilipokuingia machoni, hukujua kwamba udongo hautashika pale? Mama anasema mlikandika kutwa nzima, wewe na fundi wako, mkapiga na picha. Mvua ya kwanza ilipokuja ukuta wote ukateleza, ukalala chini kama uji uliomwagika, nyumba ikabaki nyeusi vilevile. Mtu mwenye kichwa angeishia hapo. Wewe ukachukua mtarimbo ukang'oa mbao za baba.

Ukang'oa, ukafunga fito, ukakandika tena, katikati ya masika, kwa sababu unataka nyumba iwe tayari wageni wa kiangazi wakianza. Hukungoja ikauke. Ile gata tuliyokubaliana hukufunga, kwa sababu eti boma halina gata. Sasa ukuta unafyonza maji, chumba cha mama kinanuka kama shimo la viazi, na kifua kimemshika. Zahanati wamempa dawa wakamwambia asilale kwenye unyevunyevu. Kwa hiyo mama yetu amehamishia kitanda jikoni, kwenye moshi, na kuku. Ulijua hilo? Unapita pale kila siku na wageni wako, unawaonyesha kitanda cha ngozi asicholalia mtu, na mwenye nyumba analala jikoni.

Na mbao umezipeleka wapi? Nilimuuliza mama, akajaribu kuzungukazunguka. Nikamwambia, "Mama, niambie tu." Akasema, "Fabiano ametengenezea choo cha wageni. Kimekuwa kizuri, mwanangu, hakipitishi upepo." Hakipitishi upepo! Yaani wazungu wako wanajisaidia wakiwa wakavu ndani ya mbao za baba, na mjane wake anakohoa nje ya hizo mbao. Niliposikia hivyo nilikata simu, mara ya kwanza katika maisha yangu kumkatia mama simu.

Kuna jambo lingine ambalo pengine hujaambiwa, kwa sababu siku hiyo ulikuwa umepeleka wageni sokoni. Alipita mzee wa Kimasai, muuza mbuzi wa Soitsambu, anaelekea mnadani. Akamwona mama na shuka na shanga, akasimama kwa heshima zote, akamwamkia kwa lugha yao, "Yeyo, takwenya!" Mama hakujua aitikie nini. Yule mzee akarudia, akidhani bibi hasikii. Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Baba, nisamehe. Mimi siyo Mmasai. Hizi ni nguo za mwanangu." Mzee akautazama ule ukuta wako, akaiangalia ile mistari kwa muda, akamuuliza, "Na hii nyumba nayo ni ya mwanao?" Mama akasema ndiyo. Mzee akasema pole mama, akaswaga mbuzi wake akaenda zake. Mama alinisimulia huku anacheka, lakini mimi namjua mama akicheka na mama akijikaza.

Hujui kusimamishwa mbele ya watu ukiwa umevishwa. Mimi najua. Hapa hotelini walifanya sherehe waliyoiita usiku wa Afrika. Wakaja dobi wakachagua weusi, wakatuvisha majani na mashanga ya plastiki, wakatusimamisha mlangoni na vibuyu. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama nimewahi kuua simba. Nilitabasamu kwa sababu ndiyo amri, na mashavu yaliniuma mpaka kesho yake. Lakini mimi nimefanyiwa na watu baki, Fabiano. Mama kafanyiwa na mtoto wake wa mwisho.

Nikamuuliza, mama, kwa nini ulikubali kuvaa? Akanijibu, "Alikuja akapiga magoti, akaniita Aayo. Hajaniita hivyo tangu amekuwa mkubwa. Ningekataaje?" Umesikia? Ulitumia lile neno la kwetu la kumwita mama utotoni kumvika mama shanga za biashara. Sijui nikutukane vipi ili nitosheke.

Sasa linaloninyima usingizi ni hili. Mama anataka kuondoka. Ameniambia atahamia Mbulu kwa mama mkubwa, atakaa huko mpaka Mungu amchukue. Hasemi kwa hasira. Anasema kana kwamba anaenda dukani. Anasema nyumba haimjui tena na yeye haijui. Jumuiya ilipofika zamu ya kusali nyumbani kwake, aliwaomba akina mama wairuke nyumba yake waende ya jirani. Mama yetu! Aliyekuwa anafagia uwanja siku mbili kabla jumuiya haijafika, anayekopa viti mpaka shuleni! Alisema hawezi kuwakaribisha watu wa Mungu kwenye nyumba ya kuigiza. Akiondoka pale, Fabiano, hatarudi, na wewe utabaki na boma lako na wageni wako na mimi sitakuwa na kwetu pa kurudi.

Kwa hiyo nakwambia, na sikuombi. Bomoa hicho choo. Kila ubao utoke, usuguliwe, urudi ulikotoka. Zilizovunjika nunua mpya, utazipaka oili wewe mwenyewe, na ukishapaka njoo unuke mbele ya wageni wako uwaambie hivi ndivyo tunavyoishi. Funga gata. Futa ile mistari. Ukitaka wageni waje kula, waje, mama anapika vizuri kuliko hizo lodge zote, wapewe makande na maziwa ya mgando na waambiwe wamepikiwa na bibi wa Kiiraqw. Hilo sitakupinga, nitakupigia hata makofi. Ila mama asiguswe. Nimeomba likizo ya Krismasi. Nikifika nikakuta udongo, nitaung'oa kwa mikono yangu mbele ya wageni wako, na mkono huu ulioungua hauogopi kitu.

Nisalimie wifi Agripina, na umwambie simlaumu, ingawa alijua akanyamaza. Nisalimie watoto, wasifundishwe kusema uongo kwa wageni. Nisalimie baba mdogo Tluway, yeye ndiye aliyemshikia baba ngazi wakati wa kupigilia zile mbao, mwulize alijisikiaje kuona umezing'oa. Nisalimie Mama Anjela, kiongozi wa jumuiya, na umshukuru kwa niaba yangu.

Hujui namshukuru nini, na mama hatakwambia, kwa hiyo nitakwambia mimi. Akina mama wa jumuiya hawakuiruka nyumba. Walikuja vilevile, wewe ukiwa barabarani unasimamisha magari. Hawakutaka kuingia ndani, wakabanana na mama jikoni, kwenye moshi na kuku wake. Mama Anjela akasema kila mtu ataje nia yake. Mmoja akaombea mahindi, mwingine akamwombea mgonjwa wake. Wote wakawa wanangoja mama aombee nyumba yake. Mama akasubiri kikohozi kipungue, akakutaja wewe kwa jina. Akaomba wageni wako wasipungue.

Ni mimi dada yako, ambaye siku hiyo asingekuombea,

Basilisa