Ukoo Mmoja kwenye Kadi ya Prossy

Jumatatu, 12 Mei
Chai, mkate, mvua. Ofisi yetu ya uchapaji hapa Nakasero bado inanuka wino. Ijumaa tulichapisha kadi za kwanjula, siku mwanamume anapopelekwa na watu wake kutambulishwa kwa wakwe. Safari hii ni za Prossy, mpanga kurasa wetu, wa meza ya pembeni yangu. Anaolewa na Denis. Programu yangu niliyoiandika kwa Ruby, lugha ya kompyuta, ndiyo iliyojaza majina na koo. Najiona fundi.

Jumanne, 13 Mei
Ssenga wa Prossy, yaani shangazi yake, kaingia na kadi mkononi. Upande wa bibi harusi: ukoo wa Nkima. Upande wa bwana harusi: Nkima. Denis ni wa ukoo wa Mmamba! Kwa Waganda, watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Wazee wa Denis huko Mengo wamesimamisha shughuli mpaka waelezwe. Prossy alilia chooni. Nikasema ni mashine. Uongo. Najichukia.

Jumatano, 14 Mei
Nimelipata kosa. Bloku, kile kipande cha msimbo kinachojaza upande wa bwana harusi, niliiandika ndani ya taarifa za Denis. Humo self, yaani "mimi" wa msimbo, ni Denis, na @ukoo, ukoo wa huyo "mimi", ni wa Denis. Mwezi uliopita nikachoka kuandika "k.", kifupi cha kadi, mbele ya kila amri ya kadi, nikaweka instance_eval, amri inayobadilisha self, ili msimbo upendeze. Tangu hapo self ndani ya bloku ni kadi yenyewe. Na kadi ina @ukoo wake, wa mwenyeji, Prossy. Ruby haikulalamika hata kidogo, ilisoma ilichokikuta. Yote haya kwa herufi moja na nukta. Upuuzi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimerudisha "k." na kuondoa ule urembo. Kadi mpya ziko sawa. Lakini jaribio langu, lile la kukagua programu kabla ya kuchapa, lilipitaje? Nikalifungua. Bibi harusi: Nkima. Bwana harusi: Nkima. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe; koo zikifanana, kosa halionekani. Mimi mtu wa Kisumu, kwangu lilikuwa neno la kujazia tu. Hakuna Mganda ambaye angeandika uchafu ule. Prossy alisimama nyuma yangu akasoma.
"Mimi nakaa hapa tu. Si ungeniuliza?"


Ijumaa, 16 Mei
Mengo, pamoja na ssenga. Nimewaambia wazee kosa ni langu, si la mashine.
"Wewe Mkenya, unaozesha mtoto yetu kwa dada yake?" mmoja aliuliza.
Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Wamekubali shughuli iendelee. Shati lililowa jasho mpaka kiunoni. Sijawahi kujidharau hivi.

Jumamosi, 24 Mei
Leo ndiyo kwanjula. Mimi sikupewa kadi.
Nimekuja ofisini peke yangu. Kabla ya kwenda likizo, Prossy alilirekebisha jaribio langu. Bibi harusi: Nkima. Bwana harusi: Mmamba. Hakuniambia. Nimeliendesha, limepita. Nimekaa kidogo karibu na kiti chake, kisha nikazima kompyuta.