Kopo la Bluu Nyuma ya Maziwa

3 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Mgongo unasemaje, na kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila nanuka samaki tangu nywele hadi soksi, na nina furaha hata mwandiko unanikimbia. Kile kinamasi ambacho kampuni inataka kukifukia ijenge ghala, mkuu wangu amenikabidhi nikikague peke yangu. Akipatikana fisi maji, yule mnyama mwogeleaji mla samaki, anayeishi mle, sheria inamlinda, ghala halijengwi. Asipopatikana, tingatinga linaingia mwisho wa mwezi.

Basi Jumamosi, kabla sijaja kulala kwako, niliokota kinyesi chake juu ya jiwe. Kibichi, kimejaa magamba ya samaki. Nilirukaruka matopeni peke yangu kama mwehu. Nilikihifadhi kwenye friji yako, kopo la bluu, nyuma ya maziwa, na kwa haraka za basi nikakisahau. Sikukwambia, maana ungenitoa nje nacho. Tafadhali usiliguse. Dereva wa ofisi atalipitia Ijumaa alipeleke maabara.

Mwanao, Chura

5 Machi

Chura wangu, marahaba. Mgongo haujambo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Jumapili nilifungua friji, harufu ikanipiga usoni. Nikajua ni samaki wako wa juzi kaoza. Nikamwaga chooni, kopo nikalisugua kwa sabuni yangu ya manukato, nikalianika juani. Sasa lina sukari. Nimeinywea chai siku mbili, na jirani nimemkaribisha.

Mtu na akili zake anaweka mavi kwenye friji ya mama yake? Nimekasirika, halafu nimelia, maana najua kinamasi hicho unakilala na kukiamkia. Hakuna mengine? Nataka kuja kukusaidia kutafuta.

Mama yako

9 Machi

Mama, shikamoo. Usilie. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, hasa kwa jirani. Kosa ni langu niliyeficha.

Mengine hakuna. Mvua imeyaosha mawe yote. Nimefunga kamera mtini, inapiga picha yenyewe kitu kikipita, lakini mpaka sasa ni bata tu, na wanapenda kupigwa picha hao. Unasema unataka kuja kunisaidia kutafuta. Mama, ni tope hadi magotini. Haya, njoo.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu, nimefika salama, nashukuru hukuuliza.

Njia nzima hadi kituoni ulininunia. Nimekutafutia kinyesi kutwa nzima, nimeinama mpaka kiuno kikalia. Kunawa miguu tu juu ya lile jiwe ndiyo imekuwa kesi? Ulitaka nipande basi la watu na tope lile? Ulisema, “Mama, umenifukuzia mnyama kwa sabuni.” Maneno hayo nimelala nayo. Kama ni kweli, nisamehe. Kama si kweli, uje uniambie mwenyewe.

Mama yako

27 Machi

Mama, Mama, Mama. Shikamoo mara mia.

Kaa chini. Kamera ilikupiga ukinawa, sketi umeikunja, povu hadi vifundoni. Picha inayofuata ni alfajiri ya pili yake: fisi maji jike na watoto wawili, jiwe lilelile. Amenusa ulipokaa. Amezunguka. Kisha kageuka akajisaidia papo hapo, katikati ya manukato yako. Mkuu wangu anasema harufu ngeni ilimkera, akaona lazima atangaze kwamba hapo ni kwake. Nimekiokota kibichi, maabara wamethibitisha, na leo asubuhi ujenzi umesimamishwa. Ghala linahamia kwingine.

Picha yako imo kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza. Waliuliza huyu ni mtaalamu gani. Nikasema ni mama yangu.

Hukumfukuza. Ulimwita. Nisamehe mimi.

Chura wako

29 Machi

Chura wangu, marahaba mara mia na moja.

Barua nimemsomea jirani, nimemsomea fundi viatu, na kondakta wa basi ambaye wala hakuuliza. Ile picha niliyoinama ungenionyesha kwanza, ningevaa sketi ya maana. Lakini watoto wawili, mwanangu. Nami nimewanawia miguu mlangoni kwao.

Sukari nimeihamishia chupani. Kopo liko nyuma ya maziwa, tupu. Njoo ulijaze ukitaka. Ila safari hii niambie.

Mama yako